Vichekesho vya mtandaoni na maisha ya ugenini: tunaoishi mbali na kwetu tukutane hapa (uzi mrefu, kutoka Lamu)

Fundi Barafu

Wakuu, salaam kutoka Lamu. Kwetu ni Morogoro, na huu ni mwaka wa nne niko hapa kisiwani kwa kazi ya majokofu na mashine za barafu. Samaki wa huku wanataka barafu kila siku ya Mungu, na chuma kikikaa karibu na bahari kinaliwa na chumvi, kwa hiyo kazi haiishi.

Uzi huu nimeuwaza siku nyingi. Nina tabia ya kuokota vitu vya kuchekesha mtandaoni na kuvihifadhi kwenye simu: picha, visa vya kweli, video fupi. Mwaka wa kwanza nilikuwa navicheka peke yangu chumbani, stima ikikatika nazima simu nalala. Walioishi ugenini watanielewa. Mgeni akishaulizwa kwao ni wapi na amekuja lini, maongezi yanakwisha. Watu wanabaki wema, salamu zipo, chakula unaletewa, lakini hakuna anayejua acheke na wewe kwa lipi.

Kilichonitoa chumbani ni birika la kahawa la Waingereza. Ngoja nilieleze vizuri maana kwangu ni jambo kubwa.

Pale Cambridge, kwenye maabara ya kompyuta ya chuo kikuu, kulikuwa na chumba kinaitwa Trojan Room, na ndani yake mashine moja ya kahawa ya kutumiwa na wote. Waliokuwa ghorofa nyingine walikuwa wanapanda ngazi na kukuta birika tupu. Mwaka 1991 wakaona imetosha, wakalielekezea kamera, na kila mtu akawa analitazama kwenye kompyuta yake akiwa amekaa: kahawa ipo, au haipo. Picha yenyewe ndogo, haina rangi, kijivu tu. Mwaka 1993 wakaiunganisha na intaneti na dunia nzima ikaanza kuangalia birika la watu. Kamera hiyo ndiyo mama wa kamera zote hizi zinazorusha picha moja kwa moja mtandaoni. Waliizima Agosti 2001, na birika likauzwa mnadani huko huko mtandaoni kwa pauni 3,350. Walionunua ni Wajerumani, watu wa jarida la Spiegel.

Jioni moja nilikuwa nimekaa kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, la nyumba ninayopanga, huku Langoni, nikaamua kumsimulia mzee mmoja jirani, tunamwita Ami. Wakasogea wengine wawili, watatu. Nilitegemea wacheke pale pa kamera. Hawakucheka. Ami alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa huyo aliyepika, hakuwaita wenziwe?"

Hapo ndipo daka zima lilipoangua kicheko. Watu wazima wanafuta machozi. Kwao kamera ni kitu cha kawaida. Ajabu ni nyumba ambayo kahawa inapikwa, inaiva, na mpishi anakaa kimya mpaka wenzake waweke mtambo wa kumchungulia.

Muuza kahawa akapita wakati huo huo. Kwa ambao hawajafika pwani hii: anabeba dele la shaba, refu, lenye mdomo kama wa ndege, jiko la makaa limefungwa chini yake ili kahawa isipoe, na mkono wa pili anagonganisha vikombe vidogo, kling kling kling, unamsikia vichochoro viwili kabla hajatokea. Ami akamwambia asimame anisikilize. Nikasimulia upya. Nilipofika kwenye pauni 3,350 nikamgeuzia hesabu kwa shilingi za Kenya, naye akaliweka dele lake chini polepole, akalitazama muda mrefu. Halafu akanimiminia kikombe na akakataa hela.

Toka siku ile nikiketi chumbani hadi saa mbili usiku, mtu anagonga mlango: "Fundi, yeo huna kitu?" Yeo ndiyo leo.

Basi nawaomba wenzangu. Mlioko mbali na kwenu, leteni mlichookota, na mtueleze hapo mnapoishi kilipokelewaje. Hilo la pili ndilo ninalolitaka zaidi.

---

MwanaAmu

Ahsanta sana Fundi, karibu mui wetu. Uzi huu nimeusoma mara mbili, na nikausoma kwa sauti mama naye akasikia.

Nikuongezee kidogo. Kahawa ile twaiita kahawa tungu, na tungu ni chungu hilo hilo lenu. Kiamu, yaani Kiswahili chetu cha Lamu, pale mnaposema ch sisi mara nyingi twasema t: nchi ni nti, macho ni mato. Na j yenu huwa y: maji ni mayi, moja ni moya, mji ni mui. Ndiyo maana ile njia kubwa ya katikati yaitwa Usita wa Mui. Wageni wengi hudhani ni jina la mtu.

Na lile swali la Ami si mzaha kabisa. Kwetu mtu akila peke yake husemwa.

---

Fundi Barafu

Ahsante dada (au kaka, utanisamehe). Hapo kwenye Kiamu umenigusa penyewe, maana nilikuja huku nikiamini lugha si tatizo. Mtanzania anapokwenda Kenya anaambiwa wewe ndiye mwenye Kiswahili. Nimefika Lamu nikakuta watu wanaongea Kiswahili cha tangu na tangu, kina tungo na mashairi ya karne nyingi, na mimi nakamata neno moja nakosa mawili. Nakuambia kwa heshima kabisa, nilirudi kuwa mwanafunzi, na bado najifunza.

Acha nisimulie la mwanangu. Mwaka wa pili mke wangu na mtoto walinifuata, mtoto ana miaka mitano. Mlango wa pili anaishi bibi mmoja, kila alfajiri anachoma mahamri, na ukuta wetu unanukia iliki. Asubuhi moja alimwona mtoto amesimama mlangoni anamtazama. Akamwita, "Ndoo, mwanangu, ndoo!"

Kiamu hiyo ni njoo. Mtoto wa Morogoro amesikia ndoo. Akaingia ndani mbio, akakuta ndoo ya njano ya kufulia, kubwa inamfika kifuani, akaikumbatia kwa mikono yote miwili na kuiburuta mpaka kwa bibi, maji yaliyobaki ndani yakimwagika njia nzima. Akaiweka mbele yake na kusema, "Shikamoo bibi, hii hapa."

Bibi alikaa chini. Alicheka mpaka akashika mbavu, akaita binti zake, binti wakaita majirani. Kisha akaikausha ndoo kwa kanga yake, akatandika karatasi, akaweka mahamri manne ya moto na kibakuli cha mbaazi za nazi, akamsaidia mtoto kuibeba kurudi nyumbani.

Jina la mtoto wetu mtaa mzima sasa ni Ndoo. Anaitika.

---

Mzee wa Kihonda

Mkuu nimefurahi kukusoma, ila nikuulize kama ndugu. Ile video ya punda uliyoturushia kwenye kundi la nyumbani mwaka jana, ilikuwa na nini? Tuliitazama watu wengi, hakuna aliyejua acheke wapi. Shemeji akasema labda huko umeishiwa.

---

Fundi Barafu

Shikamoo mzee wangu. Swali la haki kabisa.

Mji wa kale wa Lamu hauna barabara za gari. Vichochoro vingine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mchanga, saruji, mawe ya matumbawe, magodoro, sanduku la bibi harusi, vyote vinabebwa na punda au mkokoteni. Punda wana hata kliniki yao ya bure hapa tangu mwaka 1987. Kwa hiyo ukisikia mtu anapiga kelele nyuma yako, unajibandika ukutani kama tangazo, mzigo unapita sentimita chache mbele ya pua, maisha yanaendelea.

Ile video ilionyesha punda wawili wenye mizigo wamekutana uso kwa uso kwenye kichochoro chembamba, kila mmoja amekataa kurudi nyuma. Nyuma ya huyu foleni ya watu, nyuma ya yule foleni ya watu. Mwishowe wenye nyumba ya pembeni wakafungua mlango mkubwa, punda mmoja akaingizwa ukumbini, mwenzake akapita, yule akatolewa, mlango ukafungwa. Hakuna aliyegomba. Huku wameicheka siku tatu, kwa sababu wanaijua nyumba na wanamjua mwenye zulia lililokanyagwa. Ninyi wa nyumbani, huko Kihonda, mmeona punda wawili na ukuta.

Nimejifunza hapo, mzee. Kichekesho kinahitaji mtu wa kukivusha. Nilikosea kuwarushia bila maelezo, na leo ndiyo nimelipa deni.

Hata maandishi yenyewe yana shida hiyo. Mwezi wangu wa kwanza niliandika kwenye kundi la kazi, "Leo mashine imeniua," kwa maana ya uchovu, na mkubwa mmoja akatuma mtu kuja kuangalia kama nimepigwa na umeme. Wamarekani walishakutana na jambo hili zamani. Tarehe 19 Septemba 1982, mwalimu mmoja wa Carnegie Mellon, Scott Fahlman, aliwashauri wenzake waweke alama :-) mwisho wa sentensi ya utani ili asitokee mtu wa kuichukulia kweli. Hizi sura za njano tunazorushiana zimefuata njia ile. Sasa naziweka bila kukosa.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha meli.

Mwaka 2016 taasisi ya utafiti ya serikali ya Uingereza ilikuwa inajenga meli kubwa ya kwenda kwenye barafu za ncha za dunia. Wakawaambia wananchi: pendekezeni jina mtandaoni, mpige kura. Mtangazaji mmoja wa zamani wa redio akapendekeza, kwa utani tu, Boaty McBoatface. Ukitaka kulipata kwa Kiswahili ni kama useme chombo kiitwe Mashua bin Mashua Uso-wa-Mashua. Wananchi wakalipenda, likashinda kwa kura nyingi kupita kiasi. Serikali ikasema hapana, meli ya heshima haiwezi kuitwa hivyo, ikapewa jina la Sir David Attenborough, yule mzee wa vipindi vya wanyama. Jina la wananchi wakakipa chombo kidogo cha utafiti kinachopiga mbizi chenyewe bila mtu ndani.

Hiki nilikipeleka Matondoni. Ni kijiji cha upande wa magharibi wa kisiwa chetu, wanajua kuunda vyombo toka enzi. Nilikwenda kutengeneza friji ya mtu, nikamaliza mapema, nikaenda kukaa na mafundi chini ya banda la makuti. Walikuwa wanakalafati mashua: fundi anasokota pamba iliyolowa mafuta, anaibana kwenye mwanya kati ya mbao mbili, anaigonga kwa patasi butu na nyundo ya mbao, tok tok, tok tok, kijana anafuata nyuma anapaka. Mashua ile ilikuwa imeshachongwa jicho mbele, kila upande moja, ili chombo kione kinakokwenda.

Nikasimulia. Jina lenyewe liliwachekesha sana, wakalirudia mmoja mmoja, bin Mashua, bin Mashua, nyundo zikasimama. Lakini walipofika kwenye serikali kulikataa, kicheko kikakatika. Mzee mkubwa pale akaweka patasi chini. Akasema jina la chombo analitoa mwenye chombo, na si jambo dogo, kwa sababu baharini watu watakuita kwa jina hilo na ukizama watakutafuta kwa jina hilo. Sasa ukiwauliza watu wa mji mzima, umewafanya wote kuwa wenye chombo. Huwezi kuwauliza kisha ukawakatalia. Mwingine akapinga: hapana, aliyelipa mbao ndiye mwenye neno. Wakabishana nusu saa nzima, mimi nimekaa katikati nakunywa maji ya dafu, na jambo la mtu mwingine kabisa, la nchi ambayo hawajaiona, limewashika kama la kwao.

Nikawaambia basi kile chombo kidogo ndicho kilichopewa jina la wananchi. Yule mzee akakunjua uso. "Ah. Basi wamempa mtoto." Akarudi kazini.

Wiki mbili baadaye nilipita tena pale. Kulikuwa na kihori kimepinduliwa juu ya mchanga, kile cha kuvukia tu kwenda kwenye mashua kubwa, na ubavuni mtu ameandika kwa chaki: MASHUA BIN MASHUA. Nilipiga picha. Hiyo ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote kwenye simu hii.

---

MwanaAmu

Mashallah! Kihori hicho nakijua ni cha nani, sitamtaja.

Na mimi niongeze paka. Paka wa Amu wametapakaa kila daka, wembamba, masikio makubwa, wageni huwapiga picha wakasema wafanana na wale wa sanamu za Misri. Mama nilimwonyesha Larry, paka wa nyumba ya waziri mkuu wa Uingereza, yuko pale tangu Februari 2011, mawaziri wakuu waja na wenda yeye amekaa. Mama akasema, hata hapa ni hivyo hivyo, wapangaji hubadilika, paka ni wa nyumba.

---

Binti Malindi

Salaam nyote. Mimi ni wa Malindi ila naandika kutoka Muscat, Omani, nafanya kazi ya hesabu dukani, mwaka wa tatu huu. Fundi, umesema watu hawajui wacheke na wewe kwa lipi. Nimelisoma hilo neno nikanyamaza kidogo.

Nyumbani Malindi nimekulia kati ya wageni. Waitaliano wamejaa, watoto wa ufuoni wanakusalimia ciao kabla ya hujambo, na kule Ngomeni Waitaliano walikuwa wakirusha setilaiti kutoka jukwaa lililosimama baharini. Moja iliitwa Uhuru kwa sababu ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, na kazi yake ilikuwa kutafuta miale ya eksirei angani. Nikiwaambia watu hapa hawaniamini mpaka watafute wenyewe. Lakini mimi nilikuwa sijapata kuwa mgeni wa mtu. Kuwapokea ni kitu kimoja na kuwa wao ni kitu kingine.

Nilichookota mimi ni twiga. Tafuteni mchoro wa Kichina wa twiga wa mwaka 1414. Kaizari wa China wakati huo ni Yongle. Mwaka ule aliletewa twiga kutoka kwa mfalme wa Bengal, na mwaka 1415 akaja twiga mwingine, huyu ametoka kwetu Malindi. Wachina walikuwa hawajapata kumwona mnyama wa namna ile. Wakamwita qilin, ambaye kwao ni mnyama wa baraka anayetokea zamani za mtawala mwema. Mchoro una maandishi ya sifa ya Shen Du. Ni wa yule wa kwanza, wa Bengal, lakini mimi namtazama kama wetu. Ametulia, shingo imekwenda juu mpaka inakaribia kuishiwa na nafasi, mabaka yamechorwa kama matundu ya wavu, na pembeni mtu mdogo ameshika kamba, anatazama juu.

Mara ya kwanza nilicheka sana. Twiga wa kawaida kabisa, anayekula majani ya migunga, amefika ugenini wakamwona malaika! Kisha nikawa nampenda. Nimemweka kwenye kioo cha simu.

Muscat kuna watu wengi wanaozungumza Kiswahili, wazee wao waliishi Unguja. Siku moja sokoni mzee mmoja aliiona simu yangu nikilipa, akaniuliza kwa Kiswahili safi, "Huyo twiga vipi, mwanangu?" Nilitetemeka kusikia neno mwanangu. Nikamsimulia pale pale, watu wamepanga foleni nyuma yetu. Alipoelewa kwamba mnyama alipandishwa chombo akavushwa bahari yote ile mpaka China, hakucheka hata kidogo. Akasema, "Maskini. Na huko nani alikuwa akijua majani anayoyapenda?"

Siku hizi nikienda kununua mboga Ijumaa ananiwekea mchicha kando, kwa sababu nilimwambia siupati.

---

Mzee wa Kihonda

Huu uzi ubaki wazi. Nimemwonyesha shemeji ile habari ya punda kuingizwa ukumbini, sasa hivi anacheka jikoni. Amechelewa mwaka mzima lakini amefika.

---

Fundi Barafu

Binti Malindi, jana usiku nimewasomea daka zima habari ya twiga wako. Stima ilikuwa imekatika, nimesoma kwa mwanga wa simu, betri imebaki asilimia tisa. Ami aliniambia nirudie pale pa mchicha. Wametoa salamu kwa huyo mzee, nami nazifikisha.

Mwanangu alisikiliza akiwa amelala mapajani kwa bibi wa mahamri. Leo asubuhi tumempigia mama yangu Morogoro kwa video, kama kila Jumapili. Mama alikuwa uani anaosha vyombo, simu ameiegemeza kwenye ukuta, tunamwona nusu uso. Mtoto akamwonyesha jino lililong'oka, akamwonyesha bahari, akamwonyesha punda wa jirani. Kisha akaleta mdomo karibu kabisa na kioo na kumwambia kwa Kiamu kilichonyooka, "Bibi, ndoo! Ndoo huku!"

Mama akanyanyuka, akatoka kwenye picha, tukasikia vyombo vinagongana. Akarudi ameinua ndoo ya bluu juu mbele ya simu.

"Hii hapa, baba. Unataka ya nini?"